Udongo wa Kondoa ni rangi, na picha zake ni picha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nijibu hoja ya msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba somo la sanaa haliwezi kufundishika katika shule za vijijini mpaka ziletwe rangi za dukani, brashi na karatasi za kuchorea. Kuhusu upungufu nakubaliana naye, maana nafundisha shule ya msingi wilayani Kondoa, mkoani Dodoma, na kabati la vifaa vya sanaa nalijua lilivyo. Lakini kusema mtoto wa kijijini hana rangi, hapo hapana. Wanafunzi wangu wanatengeneza picha za mandhari kwa udongo, mchanga, magome, majivu, maranda na majani makavu wanayookota wenyewe kati ya nyumbani na shuleni. Tena hawatengenezi ile picha tuliyoizoea ya nyumba, mti na jua pembeni. Wanatengeneza mandhari dhahania, yaani picha isiyokuonesha kitu kimoja kimoja kwa jina lake. Inakupa tabaka, mistari, rangi na mguso wa mahali waliposimama.

Rangi tunazo. Tunachokosa ni watu wazima wanaokubali kuziangalia picha hizo kama picha.

Katika maonesho fulani ya kazi za wanafunzi, jaji alisimama mbele ya kazi ya binti wa darasa la sita akamuuliza, "Hiki ni nini?" Binti akamjibu kwa heshima zote, "Shikamoo mwalimu. Ni korongo la nyuma ya kwetu, wakati wa kiangazi." Jaji akasema, "Mimi sioni korongo, naona matope," akaenda zake. Zawadi ilikwenda kwa picha ya simba iliyonakiliwa kutoka kwenye jalada la daftari. Aliyeinakili simba ana mkono mzuri na nilimpongeza. Ila yule binti hakunakili kwa mtu, na alichokifanya nataka wasomaji wako wakijue.

Alichukua boksi kuukuu, akagandisha vipande viwili mistari ya ndani ikipishana ili lisijikunje, akapata ubao wa upana wa dawati. Kisha akateremka korongoni na makopo. Ukuta wa korongo la Kondoa una tabaka, na kila tabaka lina rangi yake: juu udongo wa kijivu wenye mizizi, chini yake mwekundu mzito ule tunaouita damu ya mzee, chini zaidi udongo wa manjano wenye changarawe, na kule chini kabisa mchanga mweupe ulioachwa na maji. Alichukua kila rangi mahali pake, akaipanga kwenye ubao kwa mpangilio uleule, lakini mikanda haikuwa sawa. Mwekundu aliupa zaidi ya nusu ya picha. Manjano aliifanya nyembamba, ikakatika katikati na kutokea tena upande wa pili. Juu ya wekundu huo akabandika nyuzi za gome la myombo zinazoning'inia, kwa sababu mizizi ya mti aliyoiona pale ilikuwa inaning'inia hewani, udongo umeshaondoka. Mchanga wa chini aliuacha mkavu na mwingi, ukiupitisha kiganja unakukwaruza. Mtu aliyewahi kusimama ndani ya korongo akatazama juu anaijua picha hiyo bila kuambiwa. Na asiyewahi kusimama angepaswa kumuuliza swali la pili.

Kwa wasiotoka huku, korongo kwetu ni historia. Milima ya Irangi ilichakazwa na mmomonyoko hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lote lililoharibika. Wazee wetu waliswaga ng'ombe wao kwenda mbali, na mpaka leo ukikaa nao jioni jambo hilo linazungumzwa kwa uchungu. Vichaka vikarudi, nyasi zikarudi, lakini makorongo mengi yapo. Sasa niambie, mtoto aliyezaliwa kwenye nchi yenye kovu namna hiyo achore nini ili tuseme amechora mandhari? Nyasi za kijani na mto wa bluu? Mto Bubu kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga. Mtoto akiuchora kwa mchanga amesema kweli kuliko akiuchora kwa bluu.

Nieleze kidogo kuhusu rangi zenyewe, maana nimeona walimu wengi wanajaribu udongo mara moja, unapasuka au unadondoka, wanaacha. Udongo wa korongoni haupakwi jinsi ulivyo. Tunaukausha, tunautwanga, tunauchekecha kwa kipande cha khanga kuukuu. Kisha tunautia kwenye ndoo ya maji na kukoroga. Mchanga unazama kwanza, kwa hiyo tunayamimina maji machafu upesi kwenye chombo cha pili na kuyaacha yatulie. Kinacholala chini ya chombo hicho ndicho rangi, laini kabisa ukikisugua kati ya vidole. Gundi ni ya aina mbili. Ya kwanza ni utomvu wa mgunga, ule unaoganda wenyewe kwenye shina, tunaouloweka usiku kucha na kuuchuja. Ya pili ni uji mwepesi wa unga wa muhogo. Huo wa muhogo una adha yake, wadudu wanaupenda, ndiyo maana tunaupikia maji yaliyochemshiwa majani ya mwarobaini. Gundi ikiwa pungufu, rangi inaachia vumbi kidoleni. Ikizidi, inang'aa na kupasuka. Kazi ikaukie kivulini. Ukiianika juani umeipoteza.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mfinyanzi, na kwake nilijua kwamba udongo mnene bila mchanga lazima upasuke, kwa sababu unanywea unapokauka. Alikuwa anachanganya vigae vilivyotwangwa ili chungu kisife motoni. Nasi tunachanganya mchanga laini kwenye tabaka nene kwa sababu hiyohiyo. Lakini udongo mweusi wa mbuga hatuuchanganyi na kitu. Ule unavimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na wanafunzi wangu wameamua kuuacha upasuke hata kwenye picha. Mtoto mmoja alijaza ubao mzima kwa udongo wa mbuga peke yake, akauweka kivulini, akawa anautembelea kila asubuhi kuona nyufa zinakwenda wapi. Mahali nyufa kubwa zilipokutana akapandikiza majivu meupe. Nilipomuuliza, akaniambia ni shamba la mtama la babu yake mwaka ambao mvua zilichelewa. Mimi sikuwa na la kumfundisha hapo. Nilichofanya ni kumtafutia mahali pazuri pa kuitundika.

Jambo moja linalowafurahisha sana ni la moto. Chukua udongo wa manjano, uweke kwenye kigae juu ya jiko la mkaa, ukoroge kwa kijiti. Taratibu unageuka mwekundu, na haurudi tena kuwa wa manjano. Sababu ni kwamba manjano hiyo inatokana na chuma kilichofungamana na maji, na moto ukiyafukuza maji, chuma kinabaki chekundu. Kwa kigae kimoja mtoto anapata rangi nne au tano, kutegemea ameuondoa motoni mapema au amechelewa. Mwalimu mwenzangu wa sayansi sasa anakuja na darasa lake siku hiyo.

Mimea nayo tunaitumia, ila kwa tahadhari. Manjano ya kupikia inapendeza siku ya kwanza, lakini ukiiacha penye mwanga inafifia na kupotea. Majani mapya ya miyombo, yale yanayochipua mekundu kabla ya mvua, ukiyakandamiza kitabuni yanageuka kahawia. Tunaliambia darasa mapema: ukitumia jani, jua kwamba picha yako itabadilika, na upange iwe nzuri hata ikibadilika. Udongo haubadiliki hivyo, kwa kuwa rangi yake ni chuma kilichokwisha kutu, mwanga haukifanyi kitu.

Ushahidi wa hilo tunao hapahapa. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, ipo kwenye zaidi ya miamba 150, na ile ya kale zaidi ni ya wekundu. Wekundu huo ni ngeu, udongo wa chuma. Waliochora walikuwa wawindaji na waokotaji matunda, wakachora tembo, twiga, watu wenye vichwa vya ajabu. Baadaye wakaja wakulima wakachora kwa rangi nyeupe, na katika michoro yao kuna maumbo ambayo si mnyama wala mtu. Nimewapeleka wanafunzi Kolo, penye baadhi ya michoro hiyo, wakatazame, mikono nyuma. Hatugusi, hatumwagii maji mwamba ili picha ionekane vizuri kama baadhi ya wageni walivyokuwa wakifanya, na hatuokoti hata kokoto pale. Mahali pale wenyeji bado wanafanyia matambiko. Rangi tunakwenda kuichukua kwingine.

Nalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu kuokota nako kunaweza kuwa uharibifu. Darasani kwangu kuna sheria. Gome linaokotwa chini au kwenye kuni zilizokwisha kukatwa, halibanduliwi kwenye mti uliosimama. Chakula kinachotengenezwa na majani kinashuka mizizini kupitia gome la ndani, na ukilibandua mzunguko mzima umeuua mti huo. Tumeona miyombo iliyokufa hivyo kwa sababu gome lake lilibanduliwa kutengenezea mizinga ya nyuki na kamba. Mninga ukikatwa unatoa utomvu mwekundu kama damu, rangi nzuri ajabu, lakini marufuku mwanafunzi wangu kuutia panga mti huo kwa ajili ya picha. Tunakwenda kwa fundi seremala tukaombe maranda na vumbi la msumeno. Mninga wake una rangi ya asali iliyokolea, na ukichanganya na vumbi la mbao nyeupe unapata vilima vya jioni bila tone la rangi ya dukani. Udongo nao hauchimbwi kwenye ukuta wa korongo ulio karibu na njia au shamba la mtu, maana tutakuwa tunaendeleza kazi ileile ya mmomonyoko. Unachukuliwa ule uliokwisha kudondoka chini. Kopo moja linatosha picha kadhaa.

Ningependa pia kuwajibu wanaosema sanaa dhahania ni ya Wazungu. Ndugu zetu Wamakonde wana mtindo wa kuchonga mpingo unaoitwa mawingu. Ukiutazama huoni mtu, huoni mnyama, unaona umbo linalojipinda na kupenyana, lina matundu na mikunjo, na jina lake limetoka angani. Hayo ni mandhari dhahania yaliyochongwa hapahapa Tanzania, na watu wanayanunua kwa fedha nyingi pale Mwenge, Dar es Salaam, bila kumuuliza mchongaji "hiki ni nini?" Uganda kuna Sanaa Gateja, anayeviringisha shanga za karatasi zilizotumika na kuzishonea juu ya kitambaa cha gome la mti wa mutuba, kitambaa ambacho Waganda wamekitengeneza tangu enzi za wafalme wao wa kale. Kazi zake zimejaa rangi zinazotiririka na kukusanyika. Marehemu Rosemary Karuga wa Kenya alitengeneza picha kwa vipande vya pakiti za unga na sabuni kwa kuwa ndivyo alivyokuwa navyo nyumbani, na leo anatajwa miongoni mwa wasanii wakubwa wa ukanda huu. Na kama ni lazima nitaje Ulaya, basi nimtaje Mwingereza Richard Long, ambaye anachukua matope ya mto Avon wa kwao na kuyapaka kwa viganja vyake kwenye kuta za makumbusho makubwa. Mwaka 1989 alipewa tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza. Matope ya Avon yakiwa ukutani yanaitwa sanaa. Ya Kondoa yakiwa kwenye boksi la mtoto yaitwe nini?

Kuna mzazi aliniuliza, naye aliuliza kwa nia njema, kama kazi hizi hazimwachi mtoto bila ujuzi wa kuchora. Nilimwambia aje darasani. Kabla mtoto hajagusa udongo, tunakwenda naye mahali, anakaa, anafinya macho mpaka miti na nyumba zipotee, yabaki mafungu ya giza na mwanga. Anatakiwa aniambie fungu lipi ni kubwa, mstari wa upeo wa macho uko juu au chini, jicho lake linaingilia wapi na linatokea wapi. Anachora kwa mkaa vijipicha vidogo, anavifuta, anachora tena. Ndipo anaamua mkanda gani uwe wa udongo laini na upi wa mchanga wa kukwaruza, na kwa nini. Mtoto anayenakili simba haulizwi swali hata moja kati ya hayo. Yule mzazi alikaa mpaka kengele ya mchana, na wiki iliyofuata akatuletea mfuko wa majivu ya maganda ya alizeti, ya kijivu hafifu sana, kijivu ambacho hatukuwa nacho.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, maombi yangu ni kwa wanaoandaa maonesho na mashindano ya shule. Mtaala mpya umetuletea somo la Sanaa na Michezo, na ni fursa. Kigezo cha "picha ionekane ni ya kitu gani" kisiwe ndicho pekee cha kutoa alama. Mwanafunzi aruhusiwe kubandika chini ya kazi yake karatasi inayosema kila malighafi ameitoa wapi na ameiandaaje, na jaji aisome kabla hajahukumu. Jaji apitishe mkono juu ya kazi ikiwa mwenye kazi ameruhusu, kwa sababu picha ya mchanga na magome nusu yake iko kwenye mguso. Na aulize swali la pili: "Nionyeshe, uliingia wapi?" Watoto wana majibu. Yule binti alikuwa nalo jibu la kila mkanda, hata ule wa manjano uliokatika: pale ndipo ukuta ulipoporomoka mwaka jana, ukaondoka na kichaka cha minyaa cha mama yake.

Kwa walimu wenzangu wa sehemu nyingine, msingoje udongo wa Kondoa. Pwani mna mchanga wa kila namna, makuti, kumbi za nazi na maganda ya mikoko iliyokauka. Makombe yaacheni baharini, kuna kaa wanaoyafanya nyumba zao, na katika hifadhi za bahari kuyaokota ni kosa kisheria. Kagera na Kilimanjaro mna magome makavu ya migomba yenye rangi kutoka nyeupe ya maziwa hadi nyeusi, na mafundi wanaotengeneza kadi kwa magome hayo watawafundisha kuyanyoosha. Pugu mna udongo mweupe ambao sisi huku tunautamani.

Huku kwetu mvua zikikatika, mwezi wa tano hivi, udongo uliodondoka chini ya kuta za makorongo unakuwa bado na unyevu na unachimbika kwa kijiti. Tunaanza kukusanya wakati huo. Mwalimu yeyote wa Kondoa, Chemba au Babati anayetaka kuja na wanafunzi wake anakaribishwa, aje na makopo matupu na kipande cha khanga cha kuchekechea. Mhariri, ikiwa mwandishi wako wa Dodoma atapata nafasi ya kufika, ile kazi ya korongo tunayo bado. Imetundikwa kwenye ukuta wa darasa la sita, upande usiopigwa na jua.

Mwalimu wa Sanaa na Michezo,
Kondoa, Dodoma.